Jinsi ya kupanga saa za departi mu mbio za baiskeli kwa telefone: mwongozo kamili kwa ekipe za Lubumbashi

Ndugu zangu wa kinga, na nasema kinga ya kukanyaga, si pikipiki, hii naiandika juu kila kiangazi kikifika swali ni lile lile: mbio ya krono, ile ya kutoka mmoja mmoja, departi yake munaipangaje bila fujo? Watu wanafikiri fujo inatoka pale mstari wa mwisho. Hapana. Ukiona watu wanagombana kuhusu matokeo, nenda uangalie departi, karibu kila mara utakuta mtu aliondoka kwa saa ambayo hakuna aliyeiandika.

Kanuni ni moja na nitairudilia mpaka muchoke: saa haisimami. Mtu achelewe, lori lipite, telefone izime, saa iliyo kwa lisiti (orodha ya watu na saa zao za kutoka) njo saa yake. Kazi ya aplikasio ni kufuata ile saa, siyo kuitengeneza.

Kwanza, mutatoka namna gani

Ziko namna tatu. Wote pamoja, hiyo haina kazi kubwa, filimbi moja basi. Kwa makundi, tuseme vijana kwanza, kisha wamama, kisha wakubwa. Na mmoja mmoja, kila mtu na saa yake. Hii ya tatu njo inaua maorganiza, nayo njo tutaongelea, makundi nitayagusa kule mwisho.

Piga hesabu mbele ya kuomba ruhusa. Tuseme uko na watu 48, minuti moja kati ya mtu na mtu, barabara ya Kipushi, kilometa 10 kwenda na 10 kurudi. Kipushi yenyewe iko kama kilometa 30 toka mjini, kwa hiyo munageuka mbali kabisa na mpaka. Malori hayakosi kule pia lakini si kama barabara ya Kasumbalesa, ile usijaribu hata kwa ndoto. Wa kwanza anatoka 08:01, wa mwisho 08:53 (nitaeleza kwa nini si 08:48). Kama wa mwisho anakanyaga polepole, kilometa 25 kwa saa, zile 20 zinamukula minuti 48, anafika 09:41. Basi polisi wa rulaji usiwaombe mpaka 09:30, omba mpaka 10:15, juu mtu wa kutoboka pneu hakosekani. Na mwenye nguvu anayeenda 40 kwa saa atarudi kwa nusu saa, ni kusema toka 08:31 watu wanaweza kuanza kufika wakati wengine bado wanatoka. Munahitaji ekipe mbili, moja ya departi na moja ya kufika, na mstari wa kufika uwe mbali kidogo na ule wa departi, meta 150 hivi, kama hapana mashabiki watajaa katikati na hakuna atakayeona namba ya mtu.

Wengine wanataka segonde 30 ili wamalize haraka. Inawezekana, lakini kwa segonde 30 mshika baiskeli hana hata muda wa kukohoa. Ekipe yenye haijazoea ibaki kwa minuti moja.

Lisiti: namba ya mtu iwe minuti yake

Hii njo siri yenyewe, vilabu vya baiskeli vya Uingereza wanaifanya toka zamani. Saa ya msingi ni 08:00:00. Namba 1 anatoka 08:01:00. Namba 24 anatoka 08:24:00. Namba 53 anatoka 08:53:00. Basi hakuna mtu wa kuuliza "mimi natoka saa ngapi", anaangalia kifua chake. Na wewe ukipoteza karatasi yote, telefone yote, ukiona tu namba unajua saa yake.

Sasa namba 10, 20, 30, 40 na 50 usimupe mtu. Ziache wazi. Njo maana watu 48 wanaisha kwa namba 53. Zile nafasi tupu ni dhahabu: unapumua, unakunywa maji, na kama kuna mtu alizuiliwa na kosa lenu nyinyi wenyewe unamuweka pale bila kugusa mwingine. Kuna maorganiza wanaona ni kupoteza minuti tano, mimi naona ni bei rahisi.

Ku Excel ni formula moja. Namba ikiwa kwa A2, kwenye safu ya saa andika =TEMPS(8;A2;0) kama Excel yako iko kwa Kifaransa, ama =TIME(8,A2,0) kama iko kwa Kiingereza. Hata namba ikipita 59 haina shida, 61 itakupa 09:01 yenyewe. Kisha panga ile safu ionyeshe saa, minuti na segonde, zote tatu.

Angalia kitu kimoja kabla ya kuhifadhi kama CSV (faili ya maandishi matupu, safu zinatenganishwa na alama): kompyuta ya Kifaransa inatenganisha na nukta-mkato, aplikasio nyingi zinangoja mkato wa kawaida. Ukiingiza ukaona jina, namba na saa vyote vimebanana kwa safu moja, shida ni hiyo, usianze kulaumu telefone. Fungua faili kwa notepad, badilisha zote mara moja, ingiza tena.

Majina nayo. Watu wanalipa kujiandikisha kwa M-Pesa ama Airtel Money, na laini iko kwa jina la shangazi, sasa unachukua majina kwa mesaji za malipo na kwenye lisiti unakuta mama wa miaka 60 kwenye kikundi cha vijana. Malipo yathibitishe pesa tu. Jina, mwaka wa kuzaliwa na klabu mtu aviandike mwenyewe.

Mpangilio: wenye nguvu watoke mwisho, wapya watoke kwanza. Watu wawili wa klabu moja usiwafuatanishe, juu wa nyuma akimushika wa mbele watabebana upepo, mmoja anajificha nyuma ya mwingine, mpaka mwisho na hakuna atakayekuja kukuambia. Lisiti itoke kwenye grupu ya WhatsApp siku moja mbele, jioni, na ikishatoka imefungwa. Wa kuongezwa asubuhi anaenda kule nyuma, 54, 55, hakuna kuingiza mtu katikati hata akiwa mtoto wa nani.

Na saa andika kwa tarakimu, 08:24:00. Usiandike "saa mbili na dakika ishirini na ine", juu hapa kwetu kuna wenye kuhesabu Kiswahili na wenye kuhesabu Kifaransa, na ule wa pili atakuja 02:00 ya usiku akuulize wenzake wako wapi.

Saa ya telefone

Congo iko na majira mawili. Lubumbashi, Goma, Bukavu tuko UTC+2 (masaa mawili mbele ya saa ya msingi ya dunia), Kinshasa wako UTC+1. Telefone yenye imewekwa Kinshasa kwa mkono, ama yenye imechagua vibaya yenyewe, itakuwa nyuma saa nzima. Ingia kwa mipangilio uone imeandikwa Lubumbashi. Na mugeni anayetoka Kinshasa asubuhi ile ile mukumbushe arekebishe saa yake ya mkono. Wa kutoka Zambia hana shida, tuko saa moja nao.

Saa nzima ikikosekana inaonekana haraka. Segonde njo zinaumiza. Telefone mbili zenye ziko "automatiki" zinaweza kupishana segonde moja ao mbili kulingana na rezo inayozipa saa, na kwa krono segonde mbili ni mtu wa kwanza na mtu wa tatu. Fanya hivi, siku ya mbio kama saa moja mbele ya departi: washa mega (intaneti), fungua tovuti ya time.is kwenye kila telefone itakayotumika, itakuambia saa yako iko mbele ao nyuma na ni kwa kiasi gani. Chagua moja iliyo sawa zaidi, hiyo njo saa mama. Zingine ziweke kando yake mezani, zote zinaonyesha segonde, na telefone nyingine ipige video ya segonde 20 zikiwa pamoja. Ile video itakusaidia: kama ya kufika iko mbele ya ya departi kwa segonde moja, unajua, na unaitoa kwa kila mtu. Tofauti inayojulikana haina ubaya.

Usichukue saa kwa vile viaplikasio vya GPS bila kuzijaribu. Saa ya setelaiti za GPS iko mbele ya saa ya kawaida kwa segonde 18, aplikasio nzuri inazitoa yenyewe, mbaya haitoi.

Ukisha kulinganisha, telefone ya departi iende modi ya ndege. Kwa masaa matatu haitapotea kitu cha kuonekana, lakini ikiendelea kushika rezo inaweza kujirekebisha katikati ya mbio na saa ikaruka. Ni kweli kuna aplikasio zinazotaka intaneti ili telefone mbili ziongee. Kama rezo ya pale unaiamini, sawa. Mimi barabarani siiamini, kila telefone ifanye kazi yake peke yake, tutaunganisha kule mwisho.

Kuchagua aplikasio na kuitayarisha

Ziko nyingi. Webscorer inajulikana, iko kwa Android na iPhone, na inakubali departi zote tatu: pamoja, makundi, na kwa zamu. Yoyote utakayochukua, ijaribu nyumbani kwa maswali haya: inaingiza lisiti toka faili? Inahesabu kurudi nyuma na kupiga mlio? Inafanya kazi bila intaneti? Unaweza kubadilisha saa ya departi ya mtu mmoja bila kugusa wengine? Inatoa matokeo kama faili? La ine ni la lazima. Aplikasio yenye inakataa kubadilisha saa ya mtu mmoja ni ya kucheza tu, iache.

Jaribio la nyumbani ni hivi: majina matano ya uongo, segonde 30 kati yao, mtoto mmoja ndani ya parsele anakimbia kuzunguka nyumba. Katikati zima telefone kabisa, iwashe. Kama mbio ingali inaendelea na saa hazikupotea, unaweza kuiamini.

Asubuhi yenyewe: betri 100, pawa banki imejaa na kamba yake (watu wanasahau kamba), na usiku ule usitegemee umeme, shariji mchana. Weka skrini isizime. Ondoa ile kuokoa betri, juu Android inapenda kuua aplikasio iliyo nyuma. Telefone yenye haiko modi ya ndege iweke usinisumbue, maana simu ikiingia saa 08:23:55 skrini yote inafunikwa na sura ya bamukwe. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi, vidole vya gants skrini haivisikii. Vumbi nyekundu nayo, kitambaa kikavu kiwe mfukoni. Mukifanya wakati wa mvua, matone yanabonyeza skrini yenyewe, weka telefone ndani ya saketi safi ya plastiki na ujaribu kama inasikia kidole.

Pale mstarini

Watu wane. Mwitaji anaita namba tatu zinazofuata na kuhakikisha namba ya kifua ni ya lisiti. Mshika baiskeli anashika chini ya kiti, hasukumi, anaachilia tu. Wa telefone anahesabu. Wa karatasi anaandika, na huyu wa karatasi ni muhimu kuliko wa telefone, muchague mtu asiyependa kuongea.

Tuchukue minuti moja tuone. Ni 08:23:05, namba 23 ametoka sasa hivi. Mwitaji ameshamuleta 24 mstarini, 25 yuko nyuma yake, 26 anavua jaketi. 08:23:30 wa telefone anasema "segonde makumi tatu". 24 anafunga viatu kwenye pedali, mshika baiskeli amekaza. 08:23:50, "kumi". Halafu kimya. 08:23:55 anainua mkono mbele ya macho ya mkimbiaji, vidole vitano, anavikunja kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti: tano, ine, tatu, mbili, moja, enda! Mkono na sauti pamoja, juu kelele ya pikipiki inaweza kumeza sauti. Wa karatasi anaweka alama kando ya 24: ametoka sawa. Wa telefone hajabonyeza kitu, aplikasio imemupeleka 24 yenyewe.

Hapo njo wengi wanakosea, wanataka kubonyeza kila mtu anapotoka. Kwa departi ya mmoja mmoja saa ya mtu ni ile ya lisiti, akitoka nusu segonde nyuma ni shauri yake. Ukianza kubonyeza unaleta uzembe wa kidole chako ndani ya matokeo ya watu.

Anayetoka mbele ya "enda", mshika baiskeli amuzuie kama anaweza. Kama ametoroka, wa karatasi anaandika na adhabu ni ile muliyotangaza mbele, tuseme segonde 10. Isiyotangazwa mbele haipo.

Mambo yakiharibika, na yataharibika

*Mtu amechelewa kwa kosa lake.* Namba 23 hayuko. 08:23:00 inapita, hakuna kumungoja, 24 anakuja mstarini. 23 anatokea 08:26:20 akipumua kama injini ya Fuso, anasema pneu. Pole sana. Unamuachilia katikati ya minuti, 08:27:30, kati ya 27 na 28, asimusumbue mtu. Krono yake inahesabiwa toka 08:23:00. Kwenye aplikasio usiguse kitu. Kwenye karatasi andika "23, ametoka 08:27:30, kosa lake".

*Amechelewa kwa kosa lenu.* Namba yake muliipoteza, ao mulimuita vibaya. Huyu anapewa nafasi tupu inayofuata, 08:30:00, na hapo unaingia kwa aplikasio ubadilishe saa yake peke yake. Andika kwa karatasi pia na umuoneshe.

*Barabara imefungwa.* Lori limesimama vibaya, polisi ananyoosha mkono. Ikiwa ni mtu mmoja amezuiliwa, nafasi tupu. Ikiwa inaendelea, usisogeze watu minuti moja moja ukitumaini, utapotea ndani ya hesabu. Simamisha, tangaza, na sogeza wote waliobaki kwa minuti 10 kamili. Namba 31 sasa anatoka 08:41, 32 anatoka 08:42, kichwa cha mtu kinaweza kufuata. Piga simu kwa ekipe ya kufika waambiwe "toka 31 kwenda mbele ongeza kumi", na warudilie maneno hayo wenyewe.

*Telefone imekufa.* Hakuna kilichopotea kama munatumia saa ya siku. Chukua ya pili, ile muliyolinganisha asubuhi, endelea na karatasi. Kwa sababu hii sipendi krono inayoanza kwa sifuri: ikizima imekwenda na kila kitu, lakini 08:24:00 ni 08:24:00 kwa telefone yoyote. Na kama ulibonyeza kitufe cha kuanza segonde mbili nyuma, usifute, usianze upya, andika "aplikasio iko nyuma segonde 2" na urekebishe wote mwishoni. Kile kitufe cha kufuta kifunike na kidole gumba chako kama kinawezekana.

Na telefone ya zamani yoyote iwekwe kwenye kiti, ipige video ya mstari toka namba 1 mpaka ya mwisho, na kila minuti kumi muoneshe saa mama mbele ya kamera. Hakikisha kuna nafasi kwenye memori, saa nzima ya video inakula nyingi.

Kufika na kuunganisha

Kule mwisho mmoja anabonyeza gurudumu la mbele linapogusa mstari, mwingine anaandika namba tu kwa mpangilio wa kufika. Wawili wakija pamoja, bonyeza mara mbili haraka, namba utaweka baadaye. Hesabu ni ya shule ya msingi: 17 alitoka 08:17:00, amefika 08:49:12, krono 32:12. Aplikasio inafanya yenyewe, lakini chagua watu watano, wa kwanza watatu na wawili wa katikati, uwahesabu kwa mkono. Kama mkono na aplikasio havikubaliani, tafuta kwanza ile tofauti ya video ya asubuhi.

Kama ni makundi

Hapa kanuni inageuka kidogo, usichanganye. Kundi linatoka linapotoka, kama vijana walipaswa 07:30:00 na filimbi imelia 07:33:18, saa yao ni 07:33:18, na hapa njo unabonyeza kweli. Kila kundi na rangi yake ya namba, na acha minuti tano kati yao. Mwenye kukosa kundi lake akatoka na la nyuma, saa yake inabaki ya kundi lake, kama 23 wetu. Anayebonyeza asimame karibu na filimbi: sauti inakwenda kama meta 340 kwa segonde, akiwa meta 100 mbali tayari amepoteza karibu theluthi ya segonde.

Matokeo

Tuma ya muda kwenye grupu, andika wazi "ya muda", na weka saa ya mwisho ya malalamiko, nusu saa inatosha. Tuma jina, klabu, namba, saa ya departi, saa ya kufika, krono. Namba za simu ziondoe kwa faili kabla ya kutuma. Ile safu ya saa ya departi watu wengi wanaifichaka, mimi naiacha, juu mtu akiona 08:23:00 kando ya jina lake anakumbuka mwenyewe alikuwa wapi saa ile. Mwenye kulalamika asije na kelele mbele ya watu wote, akuje na namba yake, mukae naye kando, mufungue karatasi kwanza, kisha video, moja kwa moja kwenye ile minuti, halafu arbitri anaamua na anaandika kwenye karatasi ile ile. Zikipita zile minuti 30, futa "ya muda", tuma faili ya mwisho.